Nyumba Mbili na Ukuta Uliolowa

Waliokuwa nami wiki iliyopita wanajua nilipoishia: nimesimama mezani dukani kwangu, mkasi mkononi, na mteja nisiyemfahamu ananielezea dirisha la chumba changu mwenyewe cha kulala.

Wewe unayeingia leo, sogea karibu. Nitakuweka sawa haraka, maana nina hasira, na hasira ikishapoa hata kusimulia hakunogi.

Mimi ni fundi mapazia. Sokoni wananiita Mama Pazia. Mume wangu ni mtunza stoo ya vipuri vya magari, na tangu utoto wanamwita Mpole, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Tuna nyumba mbili. Usinionee wivu, zote mbili ni za benki.

Ya zamani tuliijenga wenyewe, chumba baada ya chumba, na mkopo wake bado tunaulipa. Ya pili niliipenda mimi. Ina chumba kikubwa cha chini ambamo meza yangu ya kukatia vitambaa inakaa imenyooka, na mtu anaizunguka bila kugonga kiuno. Mwenye nyumba ile alikuwa anahama na alitaka jibu ndani ya siku chache.

Mtu mwenye akili zake anauza kwanza, ndipo ananunua. Najua. Msiniandikie. Lakini mdogo wake Mpole, shemeji yangu, ni dalali wa nyumba, na kwake yeye kila jambo ni mia kwa mia. Alikaa kwenye kochi langu, akala chakula changu, akasema, "Shemeji, nunueni tu. Hii ya zamani naiuza kabla hamjamaliza kupanga vyombo kwenye mpya. Mia kwa mia."

Ndilo jina nililompa tangu siku hiyo. Mia kwa Mia.

Tukachukua mkopo wa pili juu ya wa kwanza. Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi yanakuja marejesho mawili kwa mpigo, na mshahara wa Mpole unaishia kwenye moja. La pili ni mgongo wangu. Watoto nimewahamisha shule. Friji nimeliuza. Na benki imetupa neno la mwisho: ikifika Jumatatu ya mwisho wa mwezi huu nyumba ya zamani haijapata mnunuzi, inapigwa mnada. Bei ya mnada isipotosha deni, wanakuja kuchukua na ile mpya. Yaani tutabaki na mapazia.

Na nyumba haiuziki. Wateja wanakuja, wanasifia sebule, wanasifia jiko, wanafika chumba cha nyuma, tulichokuwa tunalala, wanagusa ukuta, wanaaga. Ukuta umelowa. Fundi bomba wa kwanza alichimba hakuona kitu. Wa pili akaniambia labda ni mkosi.

Haya. Turudi mezani.

"Dirisha lenyewe limekaa ovyo," alisema yule dada. Alikuwa na kucha ndefu za zambarau, na alikuwa anazigongagonga juu ya kitambaa changu. Tumwite Bi Kucha. "Upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine."

"Kushoto au kulia?" nikamuuliza.

"Kushoto."

"Umezidi kiasi gani?"

Akanyoosha kiganja chake. "Hivi. Mafundi wawili wamenikatalia. Wamesema pazia likining'inia hapo litaonekana limelewa. Ndio nikaelekezwa kwako."

Dirisha lile Mpole alilijenga mwenyewe, bila pima maji, siku fundi aliposhindwa kutokea kazini. Tangu tumehamia pale nilikuwa nalishonea pazia lenye pindo la mshazari ili mgeni asigundue. Duniani hakuna jingine kama lile.

"Na pembeni yake kuna mlango wa bafu?"

"Upo. Umejuaje?"

"Vyumba vingi viko hivyo," nikasema. "Nyumba mmeshanunua?"

"Bado kidogo." Akacheka kama mtu aliyekwishapewa ufunguo. "Mchumba wangu anaichukua mnadani mwisho wa mwezi huu, kwa bei ya kutupa. Alinipeleka siku moja kuiangalia, mteja mmoja alipoondoka."

"Na wenyewe wanajua?"

"Watajua nini? Wamebanwa. Walinunua nyumba nyingine kabla ya kuuza hii. Kuna watu wanapenda makuu, dada yangu, wee acha tu."

Niliuweka mkasi chini. Niliuweka kwa sababu najijua.

"Lakini nasikia nyumba za mnadani huwa zina unyevu," nikasema, sauti nimeipaka asali.

"Hamna unyevu wala nini. Ni maji ya ndoo. Mteja akitaka kuja, ukuta unamwagiwa. Mnada ukipita, na maji yanakoma."

"Mchumba wako mjanja."

"Mia kwa mia," akasema, halafu akajichekea. "Ndilo neno lake. Mpaka na mimi ameniambukiza."

Shemeji yangu huyo. Miezi sita. Miezi sita mtu anakuja dukani kwangu, anachukua ufunguo, ananipa pole, anakunywa soda yangu, anarudisha ufunguo, ananipa pole tena. Nilikuwa namwombea Mungu, jamani. Nilikuwa nasema, shemeji yangu anahangaika kwa ajili yetu, mfungulie njia.

Kwa hiyo mtu asiniambie kisasi ni dhambi. Naijua dhambi. Siku ile niliitaka.

"Nitakushonea," nikamwambia Bi Kucha. "Tena ile mahameli nzito yenye bitana. Nyumba mpya haitaki pazia la mchezo."

Nikampa bei. Niliichukua bei ya kawaida nikaizidisha mara mbili, nikaongeza na ya hasira. Akalipa nusu papo hapo, kwa pesa ambazo bila shaka alipewa na Mia kwa Mia mwenyewe. Rejesho langu la mwezi ule likatimia hapo hapo. Nilizihesabu zile noti kwa raha ambayo sijawahi kuipata kwenye pesa.

"Ila iwe siri," akasema mlangoni. "Nataka nimfanyie sapraizi. Nitakwambia siku ya kwenda kulitundika."

"Siku nitakwambia mimi," nikamjibu. "Na ufunguo usihangaike nao. Nitajua la kufanya."

Hakuuliza hata nitaupata wapi. Mtu akishakuwa na furaha huwa haulizi.

Jirani yangu dukani anauza vifungo na zipu. Mama Vifungo, mtu wa maneno machache na macho mengi. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia ukuta wa mbao.

"Sasa utafanya nini?" akaniuliza.

"Nitamtoa roho."

"Ukiacha hilo?"

"Nitatafuta mnunuzi kimyakimya, bila yeye kujua. Ukuta usipolowa, nyumba inauzika kesho. Halafu siku ya kusaini namwita. Namwita na Bi Kucha. Nataka asimame mle chumbani, alione lile pazia, amwone mnunuzi, amwone mchumba wake, na mimi nimwangalie usoni."

Mama Vifungo akatafuta zipu moja kwenye kopo, akaikagua, akairudisha.

"Mwenzangu," akasema, "si uuze kwanza, umcheke baadaye? Mweke sahihi, mpokee pesa, mpeleke benki. Ukitoka huko mwite umtukane mpaka uchoke. Nitakusaidia."

"Haitakuwa na ladha."

"Ladha," akasema. "Haya."

Ningemsikiliza yule mwanamke, leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Mnunuzi nilimjua tayari. Kati ya wote waliokuja, mmoja aliipenda nyumba kwa dhati: mzee mmoja aliyeendesha treni maisha yake yote na sasa kastaafu. Mzee wa Reli. Siku ile alipougusa ukuta aliuvuta mkono taratibu, akasema samahani kama vile kosa ni lake. Nilikuwa bado na namba yake ya simu.

Nikampigia. "Mzee wangu, ule ukuta umekauka. Njoo uutazame bila taarifa, siku yoyote unayotaka wewe."

Alikuja kesho yake asubuhi, amevaa koti na tai kama anakwenda kupokea zamu. Nililifunga duka nikaenda naye.

Hapa niwaeleze habari ya funguo. Za nyumba ile zipo mbili tu. Mmoja nauweka dukani kwenye kopo la chaki. Huo ndio Mia kwa Mia huja kuuchukua mteja akishafika, kisha huurudisha. Wa pili anao Mpole, ambaye kila asubuhi kabla ya kazi hupita kule kumwagilia maua yake. Anayapenda yale maua, hakutaka kuyahamisha.

Tulipoingia uani niliona vyungu vya maua vimebaki vijiti vitupu. Nikasema moyoni, jua la mwezi huu halina huruma. Nikafungua mlango.

Mzee wa Reli alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha nyuma. Akaweka kiganja ukutani. Akakitoa, akakitazama, akaweka cha pili. Akapiga ukuta kwa vidole, akasikiliza.

"Mkavu," akasema.

"Mkavu, mzee."

"Na hili dirisha?"

"Limepinda. Alilijenga mume wangu. Sikufichi."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Naipenda nyumba ambayo mtu amekosea kwa mkono wake. Bei yako naikubali. Nitamwambia wakili wangu aandae mkataba. Ila binti, nina swali moja tu."

"Uliza, mzee."

"Nimeishi na honi na kelele za vyuma tangu nikiwa kijana. Kilichobaki nataka kukiishi kimya. Nilinunua nyumba mara moja, kumbe ndugu wa mwenye nyumba walikuwa wanaigombea. Walikuja mlangoni kwangu na mapanga. Nikaiacha. Hapa pana ugomvi wowote wa ndugu?"

"Ndugu wenyewe wawili tu," nikasema, "na wanapendana sana."

Ulimi wangu haukuteleza hata kidogo. Nilijiambia: si uongo, ni suala la kungoja hadi Jumamosi.

Mpole sikumwambia. Nilimhurumia. Ni mdogo wake, tumbo moja, na Mpole hajui kuficha kitu. Angejua leo, jioni Mia kwa Mia angemsoma usoni. Nilimwambia tu tukiwa mezani, "Jumamosi saa nne tukutane kule nyumba ya zamani, wewe na mdogo wako. Nimeamua tushushe bei."

Akaacha kutafuna. "Kuna mteja anakuja?"

"Hakuna mteja."

"Hakuna kabisa?"

"Nimesema hakuna, Baba Watoto."

"Basi sawa," akasema, akaendelea kula. Nikafikiri, maskini mume wangu, amekata tamaa hata na wateja.

Jumamosi nilikuwa kule tangu asubuhi. Nililitundika lile pazia mwenyewe. Mahameli ya rangi ya zabibu, pindo la mshazari limekaa sawasawa na kizingiti, huwezi kupitisha hata kadi. Sijawahi kushona pazia zuri kuliko lile, na nilikuwa nimelishona kwa chuki tupu.

Mzee wa Reli nilimkalisha chumba cha mbele kwenye kigoda, na mkataba wake. Tayari alikuwa ameweka sahihi yake. Na mimi nikaweka yangu. Hati ya nyumba ina majina mawili, kwa hiyo ilibaki sahihi moja tu, ya Mpole. Mkataba nikauweka juu ya kizingiti cha dirisha la chumba cha nyuma pamoja na kalamu. Bi Kucha nilimwambia aje saa nne na nusu.

Wakaja. Mpole mbele, Mia kwa Mia nyuma yake, miwani ya jua kichwani, viatu vinang'aa.

"Shemeji," akasema Mia kwa Mia, "kushusha bei ni wazo zuri. Wazo zuri mia kwa..." Akaliona pazia.

"Umelipenda?" nikamuuliza.

"Zuri. Ila unaipamba nyumba inayouzwa?"

"Si langu. La mteja. Ana kucha za zambarau. Amelipia nusu, nusu nyingine naidai. Sijui nimdai yeye au nikudai wewe."

Nilikuwa nimeingoja ile sura majuma mawili. Sitawadanganya: ilikuwa tamu. Rangi ilimtoka kuanzia kwenye masikio.

Nikaita, "Mzee wangu, karibu."

Mzee wa Reli akaingia. Nikasema, "Huyu ndiye anayenunua. Kwa bei yetu ileile. Ukuta ameushika, hakuna maji, kwa sababu safari hii aliyekuwa anayamwaga hakuambiwa kwamba kuna mteja. Si ndivyo, shemeji? Ulinyweshwa soda dukani kwangu miezi sita, na kumbe unamimina ndoo chumbani kwangu uje uichukue nyumba mnadani. Ulimwona mtoto wangu wa mwisho anavyokwenda shule kwa miguu, ukampa pipi. Pipi. Mimi ni mke wa kaka yako. Nilikupikia msiba wa mama yenu ulipokuwa hata huwezi kusimama."

"Binti," akasema Mzee wa Reli taratibu.

"Dakika moja tu, mzee. Nataka aseme mbele yako. Sema ulimwaga maji."

Mia kwa Mia alikuwa amejishika ukutani. Lakini dalali ni dalali, anaanguka huku anatafuta pa kukanyaga. Akavua miwani kichwani, akaikunja.

"Shemeji," akasema, "ufunguo nilikuwa naupata wapi?"

"Kwangu."

"Lini?"

"Mteja akifika."

"Mteja akishafika. Nachukua ufunguo nikiwa naye, naingia naye, natoka naye, nakurudishia. Mimi na ndoo tulikutana saa ngapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Halafu nikayakumbuka yale maua.

Vijiti vitupu. Kila asubuhi mtu anapita kumwagilia maua, na maua yamekufa kwa kiu.

Niligeuka polepole. Mpole alikuwa hanitazami. Alikuwa analitazama dirisha lake.

"Ni mimi," akasema.

Mia kwa Mia nilikuwa nimemwandalia hasira yangu yote, nimeikata, nimeipindia, nimeipiga pasi. Kwa Mpole sikuwa nimeandaa kitu. Nilisimama pale mikono mitupu.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Kule kwenye nyumba mpya, kila anayebisha hodi anauliza, hapa ndipo kwa Mama Pazia? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kwangu." Alikuwa anaongea kwa upole uleule, kama anamweleza mtu bei ya spaki plagi. "Hapa nilikuwa baba mwenye nyumba. Kila tofali hapa nimelishika. Sikutaka iende kwa mtu. Mdogo wangu akasema, iache ifike mnadani, nitaichukua mimi, halafu nawarudishia mkae. Ile ya kule, benki wangeichukua, basi. Tungerudi nyumbani."

"Na meza yangu?" nikasema.

Sijui kwa nini niliuliza meza. Kati ya yote. Watoto, friji, mgongo wangu, machozi yangu ya bafuni ambayo alikuwa anayasikia akigeukia ukutani. Nikauliza meza. Iliniuma kuliko vyote, na nilitaka kumuumiza hivyo hivyo, palepale, mahali panapouma.

Na silaha nilikuwa nayo. Nikasikia viatu vya visigino virefu vinagonga uani.

"Baba Watoto," nikamwambia, "amesema ataturudishia tukae?"

"Ndiyo."

"Sisi?"

"Sisi."

"Haya. Karibu ndani, dada yangu," nikaita.

Bi Kucha akaingia, akaliona pazia, akapiga makofi. Halafu akamwona Mia kwa Mia na kumrukia shingoni. "Jamani, nani kakwambia? Nilitaka nikufanyie sapraizi! Si umeona limekaa vizuri chumbani kwetu?" Akamgeukia Mpole, uso umejaa furaha. "Na huyu ndiye fundi rangi? Baba, chumba hiki tunataka rangi ya krimu. Huku ndiko tutakakolala."

Nilimwona Mpole anavyolipokea lile neno. Huku ndiko tutakakolala. Lilimwingia taratibu hadi likafika chini.

Nilifurahi. Niandikeni hivyo. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilifurahi sana.

Halafu mume wangu, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, akaipandisha. Alilolisema silirudii hapa, watoto wanasoma gazeti. Akamkamata mdogo wake kwenye kola. Mia kwa Mia akashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni pazia. Fimbo yake ikang'oka na plasta. Mahameli yote ikawaangukia vichwani, na mle ndani wakaendelea kupigana, viatu vinang'aa upande huu, ndala upande ule, Bi Kucha anapiga mayowe na kuwachapa wote wawili kwa mkoba. Majirani wakaanza kuchungulia dirishani, dirisha ambalo sasa halikuwa na kitu cha kuwazuia.

"Nipe hiyo kalamu!" Mpole akapiga kelele kutoka chini ya kitambaa. "Nasaini! Nauza leo hii, auziwe hata shetani, ila wewe hulali humu!"

Nikaruka kuchukua mkataba kwenye kizingiti. Haukuwepo.

Ulikuwa mkononi mwa Mzee wa Reli. Alikuwa anaukunja vizuri, mara mbili, mara tatu, akautia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

"Mzee wangu," nikasema, "amekubali. Umesikia mwenyewe. Anasaini sasa hivi."

"Nimesikia." Akafunga kifungo cha koti. "Nilikuuliza swali moja tu, binti. Moja. Nawe ukanijibu ukinitazama machoni."

"Si ugomvi wa nyumba. Huyu ni mume wangu, hati ni yetu wawili, yule mwingine hana lake humu."

"Leo hana. Kesho atakuja mlangoni kwangu." Aliwatazama wale wawili wakibiringika. "Ungeniletea huo mkataba nyumbani juzi, tungekuwa tumemaliza. Ulitaka mimi niwe nani hapa? Shahidi wa ugomvi wako?"

Nilikuwa na jibu, ila halisemeki. Nilitaka ladha.

Kutoka chini ya pazia, Mia kwa Mia akatoa kichwa. Mdomo unatoka damu, na alikuwa anacheka.

"Mwache aende, shemeji," akasema. "Mnada ni Jumatatu. Mia kwa mia."

Mzee wa Reli alikuwa ameshafika sebuleni, anautafuta mlango. Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu. Nilimpita mbio, nikafika kabla yake, nikaubamiza mlango, nikageuza ufunguo, nikautumbukiza kifuani. Kisha nikarudi mlangoni mwa chumba cha nyuma, nikaunyoosha mkono kwa Mpole. Naye bila kuulizwa akatoa ufunguo wake mfukoni akanipa. Nao nikautumbukiza palepale.

"Sasa," nikasema, "hapa hatoki mtu mpaka nyumba hii ipate mwenyewe. Mzee, kaa kwenye kigoda. Kalamu iko pale."

"Binti, fungua mlango."

"Kaa, mzee. Nakuomba."

Mzee wa Reli hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Halafu akakaa kwenye kigoda, akanyoosha tai yake, akatoa simu kwenye mfuko wa koti, akabonyeza namba tatu.

"Halo," akasema, kwa sauti tulivu ya mtu aliyezoea kuripoti ajali. "Hapo ni polisi?"